Siku Desmond Alipoongoza Njia

Nyumba ya Kona,
Aston Wick,
Shropshire,
Uingereza.

19 Mei 1986

Mpendwa binamu Cedric,

Hujambo wewe, na wote hapo nyumbani hawajambo? Goti je? Mkeo Maureen aliniandikia kwamba unalipaka ile dawa ya farasi na nyumba nzima inanuka zizi. Huko kwenu Tasmania najua baridi ndiyo inaingia, basi jifunike vizuri, usijifanye kijana.

Mimi ni mzima, ukiacha kikohozi kidogo cha mvua niliyonyeshewa juma lililopita. Nakohoa kwa furaha, utaona kwa nini. Maua meupe yamefunika miti kandokando ya vijinjia vyote, yale yaliyokuwa yakikupigisha chafya mpaka uanguke na baiskeli.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Unanishauri nimsamehe Desmond Tranter hata kabla sijakuambia kosa lake, eti kinyongo kitanizeesha. Asante kwa ushauri, binamu. Sikuufuata.

Safari ya Alwyn unaikumbuka: kutoka hapa hadi kwa Bi. Prosser wa mkahawa wa chai, na kurudi, bila kukutana na lori hata moja. Mimi na marehemu mume wangu Alwyn tuliitafuta njia ile tulipokuwa wachumba, Jumapili baada ya Jumapili, tukijaribu kila kijinjia, tukifukuzwa na mabata bukini wa watu. Lakini chama cha baiskeli kilimwona Alwyn tu. Mimi waliniona mpika chai tu, na birika mkononi.

Desmond aliipita njia hiyo miaka na miaka nyuma ya gurudumu la Alwyn, akikingwa upepo, pua karibu iguse koti lake. Hakutazama kulia wala kushoto. Alichokijua ni mgongo wa Alwyn na lile koti la rangi ya haradali, basi.

Kuna jambo sikukuambia katika barua zangu za nyuma kwa sababu kila nikianza kuliandika niliichana karatasi. Alwyn alipozidiwa, nilikisogeza kitanda chake dirishani ili aone barabara. Kila Jumapili aliniuliza, "Het, Desmond hajapita?" Nikawa namjibu kwamba ni mvua tu, atapita. Hakupita. Anakaa ng'ambo ya kanisa, Cedric! Angekuja hata na ndara zake za nyumbani. Mwishoni Alwyn aliacha kuuliza, lakini macho yake yalibaki barabarani.

Sasa sikia ufidhuli. Kaburi halijaota hata majani, mkutano wa chama ukakaa, na mwenyekiti wetu mheshimiwa Desmond akasimama akataka safari ile ipewe jina lake. Eti njia aliitafuta yeye, na Alwyn alikuwa akimsindikiza. Akimsindikiza! Halafu akanigeukia mbele ya watu wote, akatabasamu. "Hettie mpenzi, birika halijachemka?"

Lilikuwa limechemka. Nilikuwa nimelishika mkononi, na nakuapia nilifikiria kummwagia. Lakini maji ya moto hupoa upesi, nami nilitaka kitu kitakachomkaa.

"Hongera, Desmond," nikasema. "Basi uiongoze, kama kanuni inavyotaka."

Kanuni huenda umeisahau. Kwetu njia haipewi jina la mtu mpaka aiongoze mwanzo hadi mwisho, bila kufungua ramani na bila kumuuliza yeyote. Na wanaofuata ni marufuku kumsahihisha kiongozi, hata akiwatumbukiza baharini. Enid Cropper, katibu wetu, akaitikia kwa kichwa. Desmond akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Naiongoza nimefumba macho!"

Haya, nikasema moyoni, fumba.

Safari ikawa Jumapili ya juma lililopita. Nilivaa koti la Alwyn. Linanipwaya mabegani na bado lina harufu ya mafuta ya mnyororo. Desmond aliponiona nalo alishtuka kidogo, akajifanya anakaza breki. Mimi nikaenda kukaa mkiani mwa msafara.

Mwanzo alikwenda vizuri, maana hata mbwa wangu anaijua barabara ya kanisani. Kisha tukafika kwenye ile njia panda isiyo na kibao, penye ghala la mawe. Alwyn alikuwa akikata kulia pale bila kupunguza mwendo. Desmond akapunguza. Nikaiona shingo yake ikizunguka huku na huku, ikitafuta mgongo wa kufuata. Akakata kushoto, na moyo wangu ukaruka kwa raha.

Huko bondeni kijito kinakatiza barabara, na chini ya maji pameota utando wa kijani unaoteleza vibaya. Kila mtu wa hapa hushuka akapita kwenye daraja la miguu. Lakini mtu aliyejigamba hawezi kusitasita.

"Alwyn alipenda sana kupita hapa!" akapaza sauti, akajitosa.

Loo! Gurudumu la mbele likaenda kwake, la nyuma kwake. Tulimkuta amekaa ndani ya maji hadi kiunoni, baiskeli imempanda kifuani.

"Ndiyo njia yenyewe hii?" Enid akamuuliza kutoka darajani.

"Ni sehemu ya njia," akajibu, akitema maji.

Sehemu ya pili ya njia ikawa uani kwa mkulima. Ng'ombe walikuwa wanarudi kukamuliwa, na samadi ilifika kwenye pedali. Mwenye shamba alikuwa ameegemea lango, akatutazama tukipita mmoja mmoja.

"Mmekuja kunisaidia kukamua?"

"Tunapita tu," akasema Desmond.

"Mnapita kwenda wapi, bwana mkubwa? Mbele ni ukuta wa zizi."

Nilicheka ndani ya koti mpaka mbavu zikaniuma. Tukageuza. Mvua ikashuka, ile ya kwetu ya kukulowesha taratibu mpaka mifupani. Watu wakaanza kunung'unika, maana Bi. Prosser asipoona wateja hufunga jiko akaenda zake. Tukarudi hadi penye ghala, na wote wakasimama kumtazama Desmond. Ningeweza kunyoosha kidole kimoja tu nikayamaliza. Kidole nikakiacha kwenye breki.

Akashuka. Akaikokota baiskeli mpaka mkiani, nilipokuwa, akiwa ananuka zizi, ndevu zinachuruzika.

"Hettie," akanong'ona, "alikuwa anakata mkono upi?"

"Sema kwa sauti, Desmond. Upepo huu!"

"Nimesema, Alwyn alikuwa anakata wapi?"

Wote walisikia. Enid akamtazama juu ya miwani yake, na jina la njia likawa limemtoka Desmond hapo hapo.

Nikapita mbele. Nikakata kulia, bila kupunguza. Na unajua alifanya nini? Alikuja kujibanza nyuma ya gurudumu langu! Mazoea. Nikaisikia pumzi yake mgongoni, kwenye koti lile lile, na hasira ikanipanda upya kama vile tumemzika Alwyn asubuhi ile.

Ukifika kilima cha Yarrow kuna mwaloni katikati ya mwinuko. Pale Alwyn alikuwa akipunguza mwendo kila safari, akijifanya anatengeneza kofia, ili Desmond asiachwe. Nilimgombeza sana kwa upole ule. Safari hii nilipoufikia mwaloni nilisimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa nguvu zote za miguu hii ya miaka hamsini na minane. Sikugeuka nyuma. Nilimsikia akiita, "Hettie! Taratibu!" Thubutu.

Tulikuwa tumeshamaliza birika la kwanza kwa Bi. Prosser alipoingia, akikokota miguu. Nimekaa na skonzi yangu, siagi na jemu ya stroberi juu, tamu ajabu. Akasimama mbele yangu, akilowesha zulia la watu.

"Alwyn alikuwa ananingoja pale kwenye mwaloni," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Alikungoja dirishani pia," nikamwambia. "Majira yote ya baridi."

Nilimaliza skonzi yangu, nikaagiza nyingine.

Mwezi ujao chama kitatundika kibao cha mbao pale penye ghala. Kitasema Njia ya Alwyn na Hettie. Jina la pili nililidai mimi, tena bila haya. Birika sasa anabeba Desmond.

Na jana, Cedric, alikuja kubisha hodi, maua mkononi, mvua inanyesha. Nilimwona kutoka dirisha lile lile. Nilikaa kwenye kitanda cha Alwyn nikamtazama. Alibisha, akangoja, akabisha tena. Sikumfungulia. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyomdhania, na nilimtazama mpaka alipoweka maua chini akaondoka. Maua bado yako pale nje. Kwa hiyo usinihubirie tena habari za kusamehe, walau mpaka maua hayo yaoze.

Nisalimie sana Maureen, umwambie vitambaa vyake vimefika na nimeanza kushona. Wasalimie Kit na mkewe, na Rosalind umbusu kwa niaba yangu, umwambie shangazi yake bado anapanda Yarrow bila kushuka.

Mungu awalinde nyote, binamu. Awape afya, na siku mtakapougua awape watu wa kupita kuwaona.

Ni mimi nikupendaye, niliye na kikohozi na raha tele,

Hettie