Kiini cha Yai Unachowapa Kuku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta goti limetulia na unalala vizuri. Mimi nipo, nasimama na kutembea. Ukitaka kujua hali yangu hasa, vumilia nifike mwisho, maana unanijua, sijui kufupisha maneno.

Kaka ameniandikia. Anasema umekonda mpaka lile gauni ulilovaa harusini kwake unalibana kwa pini, na kwamba juzi ulishikwa na kizunguzungu ukianika nguo. Anasema tangu tumzike Baba hujaonja tone la mafuta, na kikaango ulimpa jirani. Karanga hutaki, parachichi hutaki, samaki unamchuna ngozi. Yai unakula ute, kiini unawatupia kuku, nao wamenenepa kama wenye nyumba. Wewe unachemsha viazi, unanyunyiza chumvi, basi. Kumbe chumvi uliyokatazwa kliniki ndiyo uliyobaki nayo, Mama.

Nilimsimulia mtaalamu wa lishe hapa hospitalini ninakofanya kazi, yule mama mwenye miwani anayekagua sahani jikoni kwetu kabla hazijapelekwa wodini. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Alisema wanga hutupa nguvu ya kufanya kazi, protini hujenga mwili na kutengeneza palipoharibika, na mafuta nayo yana kazi yake, kwani bila hayo baadhi ya vitamini za kwenye mboga mwili hauzipokei vizuri. Kwa hiyo mchicha wako mkavu unapita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Alisema cha kupunguza ni vya kukaanga kila siku, mafuta yaliyorudiwa rudiwa na yale yanayoganda, si kijiko cha alizeti kwenye mboga wala kiganja cha karanga. Na kizunguzungu alisema usikikisie, nenda kwa daktari.

Waliokuja msibani wakanong'ona kwamba Baba ameuawa na mapishi yako ya mafuta, walikuwa na midomo tu, na midomo haina kufuli. Baba alikuwa na presha, sigara haikumtoka mkononi, na vidonge vyake alivitemea dirishani kama mtoto. Wewe mwenyewe ulikuwa ukivifagia asubuhi huku ukimsema. Mkono wako haukumuua mtu, Mama. Nakuomba uache kuuadhibu.

Ila mimi nadhani si mafuta peke yake. Nadhani hupiki kwa kuwa hakuna wa kumpikia. Nyumbani kwetu hakuna aliyejipakulia. Ulipakua wewe, ukatuita mmoja mmoja kwa majina ya utani, ukaketi wa mwisho. Sasa unapakua sahani moja, na hujui uanzie wapi.

Najua hivyo kwa sababu nami ndivyo nilivyo. Hili sijamwambia hata Kaka. Kutwa nzima napanga sahani za wagonjwa, wali huku, maharage pale, mboga pembeni, mafuta kwa kipimo. Jioni narudi chumbani, naitazama sufuria, nakunywa chai na kulala. Nguo zangu nazo zimeanza kunipwaya. Wiki iliyopita yule mtaalamu alinipandisha kwenye mzani. Hakunigombeza. Alipakua sahani, akaiweka mezani, akaniambia njoo ule. Nililia mbele ya wapishi wote, na wapishi wetu si watu wa kusahau. Haikuwa njaa, Mama. Ni kwamba tangu niondoke kwako hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo, na nimekukosa kuliko ninavyoweza kuandika.

Niliomba uhamisho nije kufanya kazi huko, wamenikatalia. Basi nimehamia kwenye vyumba viwili. Kimoja ni chako, kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi, na jiko liko mlango wa pili. Usije kutembea, njoo ukae.

Najua utauliza kaburi la Baba unamwachia nani. Kaka yupo, atalipalilia. Baba hahitaji tena kupikiwa. Mimi nahitaji.

Nisalimie Kaka na wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu akulinde mpaka nikuone.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Kidomodomo