Likizo ya Fundi Lifti

4 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mwanao ametoka hospitali jana. Kidonda cha upasuaji kinamsumbua akiinuka, lakini anakula na anacheka. Mjukuu wako mpya analala mchana kutwa kama mlinzi aliyekesha. Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika na kumpa dereva wa basi.

Ulipovunjika mguu, mwanao alilia. Alikuwa amekwisha kukutandikia kitanda. Nikamwambia asihofu, kazini kwetu baba naye ana likizo yake ya uzazi, ila hakuna anayeichukua. Nilipoiomba, mafundi wenzangu walicheka mpaka mmoja akadondosha spana kwenye shimo la lifti. "Unakwenda kunyonyesha?" wakaniuliza. Msimamizi akasaini bila kuniangalia.

Kusema kweli naogopa. Lifti ikikwama najua pa kuanzia. Dada mtu, ambaye siku hizi tunamwita Meneja kwa jinsi anavyotusimamia wote, leo nilimvalisha viatu akaniuliza, "Baba, unaondoka saa ngapi?" Hakusema kwa ubaya. Amezoea kuniona jioni tu.

Mkweo

9 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Mguu uko kwenye plasta, mimi niko kwenye kiti, cherehani naikanyaga kwa mguu mmoja na mishono inakwenda upogo. Wateja wananionea huruma, hawasemi.

Sisemi huwezi. Nasema sijawahi kuona. Basi sikiliza. Maji ya kumwogeshea mtoto yajaribu kwa kiwiko, maana vidole vya fundi vimekufa ganzi. Shingo yake usiiachie hata ukiitwa na mkuu wa nchi. Nywele za Meneja anza kuzichana kwenye ncha, usianzie kwenye shina, na umpe kitu cha kushika mkononi.

Na mwanangu asiinue chochote kizito kuliko huyo mtoto. Akikuambia hana kitu, usimwamini. Tangu mdogo huficha homa.

Mama mkwe wako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Sote hatujambo. Ushauri wa kiwiko umenifaa. Meneja nimemchana, amelia kidogo tu. Mtoto anakunywa maziwa vizuri. Mwanao anakusalimu.

Samahani kwa ufupi, nimeacha maji jikoni.

Mkweo

19 Machi

Mkwe wangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako nimeisoma kwa miwani na bila miwani. "Mwanao anakusalimu." Mwanangu hajawahi kunisalimu kwa mdomo wa mtu. Hata akiwa na mafua huandika mstari wake pembeni. Safari hii pembeni ni peupe.

Niambie kuna nini. Mimi si yai. Kama ni kuja nitakuja na plasta yangu, nitajilaza kiti cha nyuma cha basi, na atakayetaka kucheka acheke.

Mama yake

29 Machi

Mama,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako nimekaa nayo mfukoni nikingoja niwe na jambo zuri la kukuambia. Sasa ninalo. Mwanao amerudi nyumbani jana, mzima.

Siku ile nilipoandika kwamba anakusalimu, alikuwa amelazwa. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha kwa ndani. Aliniambia hana kitu, kama ulivyosema. Nilikuwa nampa mtoto amnyonyeshe, mkono wangu ukamgusa yeye shingoni, nikakuta anawaka homa. Daktari akasema tumewahi. Kabla hajaingizwa wodini alinishika mkono. "Usimwambie mama," akasema, "atakuja na mguu huo huo." Nikamwahidi.

Watoto hawaruhusiwi wodini. Daktari alikubali mwanao akamue maziwa, kwa hiyo kila asubuhi nilimfunga mdogo kifuani, nikamshika Meneja mkono, tukasimama getini mpaka muuguzi atushushie chupa. Nilizibeba kwenye begi langu la kazi, spana zote nimezitoa. Mlinzi alituzoea. Siku moja alimuuliza Meneja baba yake anafanya kazi gani. "Anatengeneza lifti," akajibu, "lakini sasa hivi anatengeneza mtoto."

Sikudanganyi, haikuwa rahisi. Kuna jioni walilia wote wawili, nikakaa sakafuni katikati yao sijui nianze na nani. Meneja ndiye aliyenyamaza kwanza. Akaenda chumbani akaniletea nepi, akakaa kunitazama kama mkaguzi.

Juzi Meneja aliteleza kwenye ngazi. Jirani alikuwa pale pale, amekwisha kunyoosha mikono kumpokea. Meneja akampita, akapanda mpaka mlangoni kwangu, ndipo akaanza kulia. Goti lilikuwa na mkwaruzo tu. Mama, sikumwambia anyamaze. Nilitaka alie kidogo zaidi.

Likizo yangu iliisha mwanao akiwa bado wodini. Nilikwenda kwa msimamizi na mtoto kifuani, kumwomba anipe na likizo yangu ya mwaka. Safari hii aliniangalia. "Anakunywa?" akauliza. Nikamwambia anakunywa. "Haya, nenda." Nilishuka nikiwa na machozi, nashukuru sikukutana na wale wenzangu.

Na hili nalo unisamehe: naushukuru hata mguu wako. Ungekuja, mimi ningekuwa mtu wa kutumwa dukani.

Mkweo

(Mama, ni mimi. Nimepona. Nilimkataza mimi, usimlaumu. Amejifunza kusuka nywele, ila usiangalie kwa karibu.)

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikukasirikia ukurasa wa kwanza wote, na wa pili pia, mpaka nikafika kwenye ule mwandiko wa pembeni unaolala upande. Hapo hasira zikaniishia, nikabaki natafuta kitambaa cha kufutia miwani.

Ahsante kwa kumgusa shingo. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Baba wa mkeo alikuwa mtu mwema. Mkeo alipozaliwa nyumba ilijaa wanawake. Yeye akanunua kila kilichotakiwa, akasimama mlangoni na vifurushi mikononi, na hakuna aliyempisha. Kesho yake akarudi kazini. Alimpenda binti yake mpaka anakufa, lakini kila alipompakata alikaa kama mtu aliyeazimwa chombo cha watu. Nimemfikiria sana wiki hii. Angefurahi kukusoma.

Plasta imetolewa. Nakuja mwezi ujao, nikijaliwa kuzipanda ngazi zenu, maana ni wewe tu fundi lifti ninayemjua anayekaa ghorofa isiyo na lifti. Siji kufua wala kupika. Nataka kiti, nimpakate mjukuu, na Meneja anisimamie.

Tangu mtoto azaliwe, wateja wananiuliza mwanangu ana nani huko. Nilikuwa nawajibu, hana mtu, yuko na mumewe tu. Jana ameniuliza mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni. Nikamwambia, "Yuko na mumewe." Akangoja niendelee. Mimi nikaendelea kushona.

Mama yako