Kaburi la Lawrence Yengi na Mti Usiotaka Maji

Mwaka mzima sasa, Lawrence Yengi, umelala nyumbani kijijini Kuluba kando ya mti wako, na hata huko uliko bado unatutoa jasho.

Ulikuwa seremala kule mjini Onduparaka, mtu mpole, usiyeweza kumfukuza hata mteja mbishi. Ila kwa manzanita, mti mdogo wa nchi kavu ya mbali, ulikuwa huambiliki. Rafiki yako Wani alikutumia mbegu kutoka California, ukazifukia mchangani na kuchoma nyasi kavu juu yake, kwa sababu eti haziamki bila moto. Majirani walidhani unapika udongo. Miche ikaota, ikafa, ukaanza upya. Uliobaki ni mmoja, pale nyumbani Kuluba kwenye mawe, na kivuli chake hakimtoshi hata kuku.

Ulipenda gome lake. Kila lilipojichuna, wageni wako waliacha chakula kikipoa wakaenda kugusa shina jekundu, laini, la baridi. Mkeo Pasca alibaki na sufuria mkononi akinung'unika, nawe ukicheka. Kicheko hicho tunakitamani sana.

Kisha ukataka uzikwe hapo hapo kwenye mawe. Wachimba kaburi bado wanatununia.

Ulipoondoka, Pasca aliuguza mti huo kana kwamba ni wewe. Kila jioni alibeba jerikeni kutoka bombani, akaumwagilia, akauwekea samadi ya mbuzi. Kiangazi kilipokaza, akaongeza. Majani yakawa meusi, tawi likakauka. Binti yenu Jovia akampigia Wani simu, naye akasema mti huo hupumzika kiangazi, hautaki maji wala samadi wala jembe, na sisi tulikuwa tunauua. Ulikuwa umetuambia yote hayo kila tulipokaa kula, Lawrence, lakini uliyasema mno, tukawa tunakusikia kama redio ya jirani.

Pasca aliiondoa samadi kwa mikono, akilia kwa hasira.

“Mutu gani hii,” alisema. “Hata kumusaidia hapana kubali.”

Sasa mwaka umetimia, na kwetu kaburi hujengewa. Mdogo wako Kenyi alikuja na simenti.

“Mama Jovia, kaburi ya kaka haiwezi kukaa hivi. Watu itasema sisi nasahau yeye.”

“Wacha iseme. Mizizi iko chini pale. Ukimwaga simenti, miti inakufa.”

“Na nyasi? Hata kufyeka hapana?”

“Hata kufyeka. Jembe hapana fika pale.”

Kenyi alirudisha simenti yake bila kuaga.

Hatujui kama mti utapona. Upande mmoja bado una majani. Maisha yote Pasca amekupenda kwa kufanya kazi: kupika, kufua, kufagia vumbi la mbao zako. Sasa umemwachia pendo la kukaa bure, na hajui mikono aiweke wapi. Inamuudhi, na inamuuma.

Watakaokuja kwenye ibada Jumamosi wataona kaburi la udongo mtupu, lenye majani yaliyoota ovyo. Tunawaomba wasing'oe kitu.

Tunaokukumbuka: mkeo Pasca, binti yako Jovia na wanawe, mdogo wako Kenyi, ambaye bado amenuna lakini ataleta viti, na Wani aliye mbali.

Hatutakusahau kamwe, hata pale tutakapoonekana tumekusahau.