Vizibo vya Tevin

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimemkosea Tevin. Naandika hilo kwanza, mengine baadaye.

Hapa rumande ya watoto kila kijana ana msumari wake ukutani, na vizibo vya soda vilivyotobolewa tunavitunga hapo. Ukifanya vizuri, kizibo. Vikifika ishirini, Jumamosi unavaa nguo zako za nyumbani, unapelekwa baharini Mambrui. Tevin alikuwa navyo ishirini na viwili! Basi ufunguo wa stoo ya nguo ukapotea, na yeye ndiye hufagia stoo. Nikavitoa vyote mbele ya wenzake. Nikaandika na ripoti ya korti — ameficha ufunguo, anataka kutoroka.

Jumanne nikaupata. Ndani ya buti langu la mvua. Nikanyamaza. Jana wenzake wamekwenda Mambrui, yeye kabaki kusugua sufuria. Kijana wa Ganze, miaka kumi na sita, bahari hajaiingia hata siku moja.

Jumatatu, 4 Agosti

Sijasema. Na jana kanisani niliimba kuwashinda wote. Mnafiki!

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Madam Kache, meneja wetu. Akaweka kikombe chini, akaniuliza: Mwenda, na ndevu zako zote hizo? Akasema vizibo hurudishwa na aliyevitoa, palepale alipovitolea. Ripoti ni shida nyingine — ilishafika korti ya Malindi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya! Gwaride la asubuhi, vijana ishirini na watatu. Nikainua ufunguo. Nikasema ulikuwa kwenye buti langu, Tevin hana kosa, na mimi nimejua tangu Jumanne ya wiki jana. Halafu Gona, yule asiyefunga mdomo, akauliza: mwalimu, hapa mwongo si huosha sufuria wiki nzima? Kicheko mpaka mpishi akatoka nje! Nikavirudisha kimoja kimoja, wao wanahesabu kwa sauti. Ishirini na mbili! Tevin hakuniangalia.

Mchana nikaosha sufuria za ugali. Gona akapita, akachungulia. "Hapo chini bado pameganda, mwalimu." Kweli, palikuwa pameganda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mambrui! Vidole vimechubuka kwa kusugua, lakini leo sijali.

Tevin alivaa suruali aliyokuja nayo mwezi wa pili. Imeishia katikati ya muundi! Gona akamuuliza mafuriko yako wapi. Tevin akacheka — mara ya kwanza naona meno yake.

Akaingia maji mpaka magotini, akaonja, akatema. "Ala! Kumbe ni chumvi kweli! Nilidhani mwanitania!"

Kisha mpira mchangani na vijana wa pale. Tukafungwa mbili haraka haraka. Tevin, miguu mitupu, akarudisha moja. Akarudisha ya pili! Dakika za mwisho akampasia Gona — tatu! Nimekimbia mpaka majini na viatu vyangu. Madam Kache anapiga vigelegele kama harusini. Tukawanunulia soda, na hakuna aliyetupa kizibo. Tevin akaja kunipa chake. "Chako, mwalimu. Kimoja tu."

Tukiwa tunarudi akaniuliza kwa sauti ya chini: na ile karatasi ya korti? Alhamisi hakimu ataisoma. Hawe anakuja — ndivyo amwitavyo nyanyake — anakuja kumchukua nyumbani. Akasema: akisikia nilitaka kutoroka, mwalimu?

Jumapili, 10 Agosti

Madam Kache amesema wazi. Karatasi ya kuifuta ile ni lazima niandike mimi, niipeleke mimi. Na wakubwa wakijua nilinyamaza, kazi huenda ikaenda. Miaka ishirini na mmoja! Charity, mke wangu, ameisoma barua mara mbili. Kasema peleka tu, baba, tutaishi.

Nimetia sahihi. Jumatano tarehe 13, saa mbili na nusu asubuhi, niko mlangoni pa korti ya watoto Malindi, barua mkono huu, ufunguo mkono huu. Siondoki mpaka waipokee.

Nimemwambia Tevin jioni hii. Akaniuliza, utavaa yunifomu? Nikamwambia la, nguo za nyumbani.

Akaniangalia juu mpaka chini. Lakini mwalimu, una kizibo kimoja tu.