Maneno ya Moto Kwenye Meza ya Karakana

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama ni rika langu basi mambo vipi, naomba unisaidie kabla sijamkamata asiye mwizi. Mimi shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana bado, lakini kwa kuchomelea vyuma hanipati mtu, ndiyo maana chuo cha ufundi kiliniita nifundishe vitendo, na hao wenye vyeti ukutani geti likiwapindia wananijia na "samahani mwalimu". Sasa juzi nafungua karakana asubuhi, nakuta kwenye meza ya chuma ya yule binti wa kuja, ambaye darasa zima ni yeye peke yake aliyekimbilia huku na wazazi wake kwa sababu ya vita, mtu kachomelea maneno: WA KUJA RUDINI KWENU. Si chaki hiyo, ni chuma juu ya chuma. Binti akayasoma, akavua glavu, akazikunja vizuri, akaondoka, mpaka leo hajarudi na mtihani wa vitendo uko mlangoni.

Mkuu wa idara kaniambia, "Kijana, yasage hayo yaishe, wakaguzi wanakuja."

Nikamuuliza, "Na aliyeandika?"

"Nani kamwona?" akasema, huku anatazama dirisha. Mtu msafi anatazama dirisha? Mtunza stoo naye kaniambia vijiti vya kuchomelea havijapungua, wakati sijamuuliza. Lakini anayeninyima usingizi ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nakaa naye chumba kimoja na yuko darasani kwangu, maana mshono wa chuma ni kama mwandiko, na ule unatetemeka mwishoni kama wa kwake. Nikamchokoza tukila, "Dogo, siku hizi mkono wako umetulia." Akajibu, "Si unanifundisha wewe, kaka?" Sasa jibu gani hilo? Nimepanga kuwatega wote, kila mmoja achomelee maneno yale yale nilinganishe, ila akipatikana dogo sijui nimtaje au nimfiche, mama mdogo ndiye aliyenilea. Yule wa kuja mimi sina neno naye, hata huwa namtania, "wa kuja, shika koleo," darasa linacheka na yeye anacheka kidogo. Nifanyeje?

Fundi Cheche

*

Marahaba, Cheche. Barua yako nimeisoma kwa jicho lile lile unalowatazamia wenzako. Umemshuku mkuu, umemshuku mtunza stoo, umemshuku mdogo wako ambaye kosa lake mpaka sasa ni kukujibu. Yuko mmoja umemruka. Aliyechomelea ile meza simjui, lakini aliyelizoesha darasa lile neno namjua, anaringa kwa mageti. Mwalimu akitania, darasa limepewa ruhusa. Na kile kicheko kidogo cha binti si kicheko, ni kiingilio anacholipa ili aachwe akae.

Najua hukukusudia, na kumshuku ndugu kunauma. Lakini mtego wako uvunje leo. Tusi liliandikwa na mmoja, wewe unataka liandikwe na darasa zima?

Nenda kwanza nyumbani kwa binti, ufuatane na mwalimu wa kike, uongee mbele ya wazazi wake. Muombe radhi kwa utani wako. Usimtake ataje mtu, wala asimame darasani kusimulia. Muulize ni nini kitamfanya arudi afanye mtihani, kisha kihangaikie hicho. Meza ipige picha, taarifa iandike uipeleke kwa mkuu wa chuo mwenyewe, si kwa huyo wa dirishani. Mashaka yako juu ya dogo iambie kamati ya nidhamu kama mashaka, halafu ujitoe, ndugu hamhukumu ndugu. Mama mdogo alikulea uwe mtu, hakukulea uwe pazia.

Picha ikishafika, yasage maneno kwa mkono wako, darasa zima likitazama, useme hii ilikuwa chuki na utani wako ndio uliofungua mlango. Siku nyingine neno la namna hiyo likitoka, zima mashine hapo hapo, usingoje kipindi kiishe.

Na ukibisha hodi kwao, muite kwa jina lake. Barua nzima hukulitaja. Naomba Mungu iwe ni adabu, isiwe hulijui.