Ubeti wa Mama Makaburini

Kwako kaka,

Sisi wazima, ukimtoa mama. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja, na cherehani nimeirudisha dirishani nimalizie sare za shule alizoziacha.

Ndege za wageni zilipopiga mabomu sokoni, dada alikufa pamoja na watoto wake mapacha. Makaburini mama alitoa shairi, na kesho yake mji mzima ulikuwa unalisema:

*Tulipogombana ndugu, nani kawaita ndani?*
*Mwachoma nyumba na watu, mwatwambia ni amani.*

Siku ya tatu ofisa wa wageni hao aliingia chumba cha kushonea na mkalimani na askari.

"Anauliza nani amekutuma," mkalimani alisema.

"Mwambie wajukuu zangu wawili," mama akajibu bila kuinuka.

Askari alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Mama alitema meno juu ya sare, akaanza tena ubeti ule huku damu ikimtoka. Akapigwa tena. Alipofika kwenye neno amani, walimpiga risasi mbili za kifua, na mimi nimeshikwa nywele ili nitazame.

Kaka, ile barua yako ya kusema umeandamana huko kwa wageni hawa kuwaomba waje kutuokoa, mama aliisoma akanyamaza. Hakukulaani, hilo nakuapia. Mimi kunyamaza nimeshindwa. Usifunge safari, tumeshamzika. Nenda palepale ulipoandamana, usimame, uwasomee ubeti huu kwa lugha yao.

Ni mimi mdogo wako, uliyebaki naye.