Kahawa Bila Jiko

Mjukuu wangu Chebet,

Habari ya huko Nairobi? Sisi tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kwa nini nakunywa kahawa baridi.

Nilipoolewa hapa Kabianga, miaka ya tisini, nilibeba kahawa iliyokaangwa na kusagwa kwetu Kisii. Mama mkwe akaniambia, "Moto wa nyumba hii ni wa chai."

Sikubishana. Nilitoboa mkebe kwa msumari, nikatandika kitambaa, nikatia kahawa na maji baridi. Ikadondoka kwa sufuria mchana kutwa, mbele ya macho yake.

Mwishowe alichoka. "Haya, tumia jiko."

Nilimshukuru sana. Lakini kahawa yangu haijawahi kukaa kwa moto wake, mpaka leo.

Nyanya yako